Homa isiyo homa: kuwaeleza Wakongo wa Tucson maradhi ya chavua jangwani

Makala haya yamezaliwa na mazungumzo ya simu. Yaya wetu wa kike, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi nchini Tanzania kabla ya kupelekwa Marekani. Anakaa sasa katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, ndani ya jangwa la Sonora, na kazi yake ni kusafisha vyumba vya hoteli. Miaka miwili ya kwanza hakuugua kitu. Mwaka wa tatu, mwezi Machi ulipoingia, alianza kupiga chafya tangu alfajiri, macho yakamwasha, pua ikatiririka kama maji. Alikwenda zahanati, akarudi na chupa ndogo ya dawa ya kupuliza puani pamoja na karatasi ya Kiswahili iliyomwambia kwamba ana "homa ya nyasi". Chupa aliiweka kabatini. Alipotupigia simu alisema, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Mudogo, mimi sina homa. Mwili yangu iko baridi. Na huku ni jangwa, nyasi iko wapi?" Baada ya wiki mbili alichukuliwa usiku na gari la wagonjwa, kifua kikilia mluzi na pumzi ikimpungukia. Pumu aliyokuwa nayo utotoni ilikuwa imeamka.

Mwandishi wa kurasa hizi si mganga, ni mwanaisimu. Hata hivyo, maneno mawili ya yaya yalitushughulisha. La kwanza, kwamba hana homa, lilikuwa kweli tupu. La pili, kwamba jangwani hakuna nyasi, lilikuwa kosa, lakini kosa la mtu mwenye akili timamu anayetumia mantiki. Tutayachunguza yote mawili, kisha tutaeleza namna maradhi haya yanavyotunzwa, kwa kuwa wengi wa wasomaji wa jarida hili wana ndugu katika miji ya Arizona. Tangu mwaka 2013 makumi ya maelfu ya Wakongo wamehamishiwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, Uganda, Burundi na Rwanda, na wengine wao wameangukia Phoenix na Tucson.

1. Jina lililopotoka tangu mwanzo

Karatasi ya zahanati haikubuni kosa lake. Ilitafsiri neno kwa neno jina la Kiingereza ambalo lenyewe ni la uongo. Mwaka 1819 daktari John Bostock wa Uingereza alieleza mbele ya wenzake ugonjwa uliomsumbua yeye mwenyewe kila kiangazi: macho, pua na kifua. Watu wa kawaida waliuhusisha na majani makavu ya mifugo, na jina la homa likashikamana nao ingawa mgonjwa hapati joto la mwili. Wafaransa walikuwa waangalifu kidogo, wakasema mafua ya majani makavu. Ndiyo maana Mkongo aliyesoma Kifaransa huenda akauelewa ugonjwa huu haraka kuliko jirani yake aliyepewa karatasi iliyotoka katika Kiingereza. Ukweli ulithibitishwa na Charles Blackley wa Manchester, ambaye naye alikuwa mgonjwa. Alijipulizia chavua puani, akajipaka kwenye ngozi iliyokwaruzwa, akarusha tiara angani zikiwa na vioo vyenye kunata ili aone kama chavua husafiri juu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Kosa si la majani makavu wala la joto la kiangazi. Ni la chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua ya kiume.

Katika Kiswahili cha Kongo neno homa halina mchezo. Homa ni joto la mwili, na katika nyumba nyingi homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Ukimwambia mama wa Uvira au wa Kalemie kwamba ana homa, atajigusa shingoni. Akikuta ngozi baridi, atahitimu kwamba mganga amekosea, na dawa ya mganga aliyekosea hainywewi.

Jangwani Arizona jambo hili lina hatari ya ziada. Kuna huko ugonjwa mwingine ambao Waingereza wameuita kwa jina lenye homa na bonde. Huo si chavua hata kidogo. Ni kuvu aitwaye Coccidioides, anayeishi katika udongo wa jangwa. Vumbi likipeperushwa mtu huvuta mbegu zake, na kati ya wiki moja na tatu baadaye anaweza kushikwa na joto la mwili la kweli, kikohozi, uchovu mkubwa, maumivu ya kifua na ya viungo. Haiambukizi kutoka mtu kwa mtu. Wengi hupona, lakini wajawazito, wenye kisukari, wenye kinga dhaifu, na pia watu wenye asili ya Afrika, wamo katika kundi ambalo ugonjwa huo ukisambaa mwilini huwa mkali zaidi. Sasa mkalimani akiandika "homa ya nyasi" kwa ugonjwa usio na homa, na "homa ya bonde" kwa ule wenye homa, msomaji atayatenganisha vipi? Tena sikio la mtu wa Maziwa Makuu likisikia "homa ya bonde" hukimbilia homa ya Bonde la Ufa, ambayo ni ugonjwa wa tatu, wa mifugo na mbu. Hapa tafsiri ya neno kwa neno imeacha kuwa suala la ufasaha.

Kanuni ambayo tungependa kila mkalimani aishike ni nyepesi. Chavua huwasha: huwasha macho, pua, kaakaa, hata ndani ya masikio, kamasi zake ni maji meupe, na haileti joto la mwili. Mtu mwenye joto, jasho la usiku, kukonda, au kikohozi kinachopita wiki mbili au tatu asiambiwe habari za maua. Apimwe kifua, apimwe damu kwa ajili ya kuvu yule, na apimwe kifua kikuu.

2. Jangwa lenye maua, na bustani za wageni

Tucson hupata mvua ya milimita 280 hivi kwa mwaka. Lubumbashi hupata zaidi ya 1,200. Kwa tofauti hiyo mtu angedhani kwamba Tucson ni mchanga mtupu. Lakini jangwa la Sonora lina majira mawili ya mvua, moja la baridi kati ya Desemba na Machi, jingine la ngurumo katikati ya kiangazi, na kila moja hufuatwa na maua yake. Ni miongoni mwa majangwa yenye mimea mingi zaidi duniani.

Si kila ua ni adui, na hapa macho hutudanganya. Ua kubwa, lenye rangi na harufu, kwa kawaida limejipamba kwa ajili ya nyuki, ndege au popo. Chavua yake ni nzito, inanata, haipeperuki mbali. Mdungusi kakati mkubwa uitwao saguaro, ambao picha yake hupamba kila kadi ya posta ya Arizona, huchavushwa na popo, njiwa na nyuki. Wala mijakaranda yetu ya Lubumbashi, inayopaka barabara zambarau mwezi Oktoba, si ya kulaumiwa sana. Wanaosumbua ni wale wanaochavushwa na upepo. Maua yao ni madogo, ya kijani, hayatazamwi na mtu. Chavua yao ni nyepesi, na kwa kuwa upepo hauna shabaha, hutolewa kwa wingi wa kutisha. Mmea mmoja wa jamii ya Ambrosia unaweza kumwaga hadi punje bilioni moja katika msimu. (Wagiriki wa kale waliita ambrosia chakula cha miungu; aliyeupa mmea huu jina hilo bila shaka hakuwa na pumu.)

Jangwa lina Ambrosia zake za asili, vichaka vidogo vya rangi ya kijivu vinavyochanua tangu Februari hadi Aprili. Hata hivyo sehemu kubwa ya mateso ya Tucson ililetwa na binadamu, na kisa chake chafaa kusimuliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa miji ya mashariki waliwapeleka Arizona wagonjwa wa kifua kikuu, baadaye pia wenye pumu, wakavute hewa kavu. Wagonjwa waliishi katika mahema nje ya mji. Baada ya Vita Vikuu vya Pili viyoyozi vikafanya joto livumilike, na watu wakamiminika. Tucson iliyokuwa na wakazi wapatao 45,000 mwaka 1950 ilikuwa na zaidi ya 540,000 mwaka 2020. Waliokuja walitaka kivuli na uwanja wa kijani kama wa kwao. Wakapanda mizeituni kutoka nchi za Mediterania, wakapanda miforsadi kutoka Asia, wakatandaza nyasi za Bermuda. Yaani waliikimbia chavua, wakaja wakaipanda mlangoni.

Mforsadi una kichekesho chake. Mti wa kike huzaa forsadi zinazochafua magari na njia. Kwa hiyo wauza miche walisifu miti "isiyozaa", ambayo maana yake ni miti ya kiume mitupu. Usafi wa njia ukanunuliwa kwa uchafu wa hewa. Na mti huu hauungojei upepo tu: wanasayansi walioupima mwaka 2006 waligundua kwamba ua lake hurusha chavua kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya sauti. Mwaka 1984 serikali ya wilaya ya Pima, ambamo Tucson imo, ilipiga marufuku uuzaji wa miforsadi na mizeituni inayotoa chavua. Wilaya ya Clark, yenye mji wa Las Vegas katika jimbo la Nevada, ilifuata mwaka 1991. Lakini sheria haikung'oa miti iliyokwisha kusimama, na mzeituni huishi kuliko aliyeupanda.

Ama zile nyasi ambazo yaya aliuliza ziko wapi: ni Cynodon dactylon. Bermuda ni jina la kisiwa tu. Mmea wenyewe asili yake ni Ulimwengu wa Kale, Afrika ikiwamo, nao huota kando ya njia zetu bila kuombwa. Huko Arizona hunyweshwa maji viwanjani, katika shule na katika makaburi, nao huchanua tangu Aprili mpaka karibu Oktoba.

Basi kalenda ya mgonjwa wa Tucson huanza mapema kuliko anavyodhani. Januari na Februari ni mitarakwa, misipresi na miti ya Fraxinus. Kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili ni miforsadi na Ambrosia za majira ya kwanza. Ndipo yaya alipoanguka. Aprili na Mei ni mizeituni, pamoja na Prosopis, mti wa miiba ambao wasomaji wa Kenya wanaujua kwa jina la mathenge. Nyasi za Bermuda hushika kiangazi chote. Baada ya mvua za ngurumo huja Ambrosia nyingine na kile kichaka kinachobingirika katika filamu za kikauboi, ambacho nacho ni mgeni: kilifika Marekani miaka ya 1870 kimejificha katika mbegu za kitani kutoka Urusi. Miezi ya kupumzika ni Novemba na Desemba.

3. Mzio: neno zuri lenye kivuli

Wataalamu wa Kiswahili sanifu hutumia neno mzio kwa kile ambacho Clemens von Pirquet wa Vienna alikiita mwaka 1906 kwa jina ambalo Kifaransa kimelieneza Kongo kama alerji. Ni neno zuri kwetu sisi Wabantu wa bara. Katika kamusi za zamani mzio ni chakula anachokatazwa mtu, ama kwa ugonjwa ama kwa mwiko. Kiswahili kimedondosha konsonanti ya katikati, kama kilivyofanya katika njaa ambapo wengine husema nzala. Kinyarwanda na Kirundi vimeihifadhi katika umuziro, na Ciluba katika cijila. Kote ni jambo lisilogusika, na anayeligusa hudhurika yeye binafsi hali jirani yake hadhuriki. Hilo linaeleza vizuri sana kwa nini watu wawili hukaa chini ya mforsadi mmoja na mmoja tu ndiye anayelia machozi.

Lakini kivuli kipo. Kwa mtu wa Kasai cijila huwa na mwenyewe: ni cha ukoo, cha mganga, cha wahenga, na kikivunjwa huulizwa nani kavunja. Mzee mmoja tuliyemweleza habari hizi hapa Lubumbashi aliuliza kwa dhati ni ukoo gani uliokatazwa mzeituni. Zaidi ya hayo, mzio wa chakula huepukwa kwa kutokula. Hewa haiepukwi.

Kwa hiyo neno pekee halitoshi. Sharti lifuatwe na sentensi inayoeleza utendaji. Mwili wa baadhi ya watu, ukikutana na chavua mara nyingi, huichukulia kana kwamba ni mdudu wa ugonjwa, ukaitengenezea kingamwili za aina ya pekee, immunoglobulini E. Kazi hiyo huchukua misimu, na ndiyo sababu mgeni hukaa mwaka mmoja au miwili salama kisha akaugua, akadhani amelogwa au maji ya bomba yamebadilika. Kingamwili zikiwa tayari, chavua ikigusa utando wa pua chembe fulani hupasuka na kumwaga histamini. Histamini ndiyo inayowasha, ndiyo inayovimbisha, ndiyo inayotiririsha. Mafua haya hayana virusi wala bakteria. Kwa hiyo ampisilini iliyobaki kutoka safari ya nyumbani haitafaa kitu.

4. Dawa, na mahali maelezo yanapokatika

Chupa aliyoificha yaya ilikuwa dawa ya jamii ya kortikosteroidi ya kupuliza puani, kama flutikasoni. Kwa mtu ambaye pua ndiyo inayomtesa, hiyo ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote za kawaida, na huko Marekani zipo zinazouzwa bila karatasi ya daktari. Ila ina tabia ambayo ni lazima ielezwe: haizimi chafya papo hapo. Hujenga kazi yake kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Hutumiwa kila siku, hata siku ya nafuu. Na mgonjwa anayejua msimu wake aianze wiki moja au mbili kabla. Mtu wa Tucson anayeteswa na miforsadi ataianza mapema Februari. Kuielekeza pia kuna namna. Ncha ielekezwe upande wa nje, kuelekea sikio la upande uleule, wala si kwenye ukuta unaogawa pua, maana ukuta huo ukipulizwa kila siku hukauka na kutoa damu. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, na wa kushoto upulize la kulia. Kwa njia hiyo mwelekeo hujisahihisha wenyewe. Maelezo haya hayachukui dakika moja, lakini katika karatasi ya yaya hayakuwamo.

Vidonge vinavyozuia histamini hufanya kazi haraka zaidi, hasa kwa mwasho na chafya. Hapa watu wetu hukimbilia klorofeniramini kwa kuwa ndiyo waliyoizoea nyumbani. Dawa hiyo na ndugu zake wa zamani huleta usingizi na kupumbaza, jambo la hatari kwa dereva na kwa afanyaye kazi na mashine. Loratadini, setirizini na feksofenadini zimekuja baadaye na hazilazi sana, ingawa setirizini huwalaza baadhi ya watu. Feksofenadini inywewe kwa maji, si kwa maji ya matunda, kwa sababu machungwa, matofaa na balungi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Dawa za kuzibua pua papo hapo, kama oksimetazolini, ndizo zinazopendwa na ndizo zinazoponza. Mtu hupuliza, pua hufunguka, naye humsifu mwuza duka. Akipitisha siku tatu pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, naye huongeza kipimo.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia kuondoa chavua na hakuna gharama. Tahadhari yake ni moja, nayo huwashangaza ndugu zetu. Kambini walifundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Marekani wakaambiwa maji ya bomba ni salama, wakaacha kuchemsha. Ni kweli kwa tumbo. Si kweli kwa pua, kwa maana amiba adimu aliyemo katika maji yasiyochemshwa akipanda puani anaweza kufika ubongoni. Maji ya kuoshea pua yawe yaliyotoneshwa kiwandani, au yachemke kwa dakika moja kisha yapoe.

Asali ya mahali hapo inasifiwa sana mitaani. Msomaji aliyefuatana nasi mpaka hapa atajua kwa nini hatuitegemei: nyuki hukusanya chavua nzito ya maua yenye rangi, na inayotesa ni ile nyepesi ya upepo.

Ikiwa dawa zimeshindwa, daktari wa mzio hupima ngozi kwa vichomo vidogo ili ajue ni chavua ipi. Kabla ya kipimo vidonge vya kuzuia histamini husimamishwa, mara nyingi kwa wiki moja hivi, la sivyo ngozi hunyamaza na safari huwa ya bure. Kisha huweza kufuata sindano za kuuzoeza mwili, njia iliyotangazwa na Leonard Noon wa London mwaka 1911: chavua ileile hudungwa kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano. Vipo pia vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya nyasi za nchi za baridi, lakini Bermuda ni ya ukoo wa mbali na nyasi hizo. Mgonjwa wa jangwani aulize kwanza ni nyasi gani iliyomo katika kidonge.

Mwenye pumu ana habari yake peke yake. Mluzi kifuani, kubanwa, kukohoa usiku: hayo hayatibiwi kwa dawa ya pua wala kwa kidonge cha chafya. Anahitaji dawa ya kuvuta mapafuni, na akikosa pumzi ya kumalizia sentensi apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

5. Nyumba, kamba ya nguo na kitenge

Ushauri wa kufunga madirisha siku za upepo hutolewa kila mahali. Tucson una kasoro yake. Nyumba nyingi za zamani, na ndizo zenye kodi nafuu, hupozwa si kwa kiyoyozi bali kwa sanduku la juu ya paa linalovuta hewa ya nje kupitia matandiko yaliyoloweshwa maji. Chombo hicho hakifanyi kazi vizuri ila dirisha likiachwa wazi kidogo, nacho huingiza hewa ya nje, pamoja na kilichomo ndani yake, usiku kucha. Mwenye mzio akipata nafasi ya kuchagua nyumba, achague ile yenye kiyoyozi kinachozungusha hewa ya ndani, na abadilishe chujio lake. Asiye na nafasi, na hao ndio wengi, atunze angalau chumba kimoja cha kulala: kifungwe mchana, na kichujio cha hewa cha kuchomeka kwenye umeme kikipatikana, kiwekwe humo.

Jambo lililokuwa gumu zaidi kwa yaya ni kamba ya nguo. Katika hewa ile kavu shuka hukauka kabla ya chai kupoa, na hakuna mwanamke wa Kivu atakayelipa mashine ya kukausha hali jua liko bure. Lakini shuka lililoanikwa mwezi Machi ni wavu wa kunasa chavua, na mtu hulala akiwa ameulalia. Tulikubaliana kwamba shuka na mito vianikwe ndani, nguo nyingine zingoje Novemba. Kitenge cha kichwani, kwa upande mwingine, kimegeuka kuwa msaada: hukinga nywele njiani, nacho huvuliwa mlangoni badala ya kuingia nacho chumbani. Kuoga na kuosha nywele kunafaa kuwe usiku kabla ya kulala, wala si asubuhi tu.

6. Maneno tunayopendekeza

Kwa karatasi za zahanati tunapendekeza homa ya nyasi ifutwe kabisa, na mahali pake pawekwe mafua ya chavua, likifuatwa mara ya kwanza na maelezo: unga mwembamba wa maua unaopeperushwa na upepo. Kwa ugonjwa wa kuvu ni heri kusema ugonjwa wa kuvu wa vumbi la jangwa, jina refu lisilochanganywa na Bonde la Ufa. Mkalimani anapozungumza ana kwa ana na mtu wetu asione haya kushuka katika lugha ya nyumbani. Sisi tulimwambia yaya hivi: "Hii haiko homa. Ni bunga ya miti. Mwili yako inapigana nayo." Neno bunga, unga wetu wa ugali, lilimwonyesha kitu anachokijua: chepesi, cha kuruka, cha kuingia puani mtu anapokipepeta.

Mwaka uliofuata alianza kupuliza dawa yake Jumapili ya kwanza ya Februari. Aprili, mizeituni ilipochanua, alipiga chafya siku kadhaa, akaongeza kidonge usiku, na hakwenda hospitali. Anatuambia kwamba majirani zake wa Kikongo sasa huulizana asubuhi kama bunga imeanguka.